Kikorea: tamthilia naelewa, ila ukurasa mmoja wa kitabu unanitoa jasho. Mliovuka hatua ya kati kwa kusoma, mlivukaje?

#1 Kijana wa Kisosora
Wakuu, habari za jioni.

Nina mwaka wa tatu na Kikorea, najifunza mwenyewe hapa Tanga, simu na daftari basi. Nilianza kama wengi, kwa tamthilia. Sasa hivi mtu akiongea taratibu namwelewa, na TOPIK I, ngazi ya chini ya mtihani wa Kikorea kwa wageni, nimepata daraja la 2. Nikajiona nimefika. Mwezi uliopita nikaazima kitabu cha hadithi fupi kwa jamaa aliyerudi kutoka Korea, nikakaa nacho barazani baada ya alasiri. Magharibi inaadhiniwa, mimi niko ukurasa wa pili. Maneno arobaini nimeyatafuta kwenye kamusi na bado sijui nani kafanya nini.

Kuna wanaoniambia "soma tu, utazoea". Kuna wanaosema kusoma ni kupoteza muda, nisikilize. Mimi nataka kufanya TOPIK II, na sehemu ya kusoma ni maswali 50 kwa dakika 70. Kwa mwendo wangu, karatasi zinakusanywa mimi niko swali la sita.

Tatizo ni nini hasa? Maneno? Sarufi? Au nimejichagulia kitabu kisicho changu? Sentensi zinazoniua ni za aina hii:

어제 시장에서 만난 할머니가 준 귤을 먹던 동생이 갑자기 울기 시작했다.

Kila neno hapo nalijua. Nikifika mwisho nimeshasahau mwanzo.

#2 Chapati Mbili
Naweka kambi. Ngoja waje wajuvi.

#3 Mgeni wa Ansan
Niko Korea mwaka wa sita sasa. Dogo, shida yako sio maneno, umesema mwenyewe kuwa unayajua.

Vitabu vya kiada vinakufundisha lugha ya kusema na mtu aliye mbele yako. Kila sentensi ina -요 au -습니다 mwishoni kwa sababu kuna mtu wa kumheshimu. Ukifungua hadithi, -요 haipo tena, kila kitu kinaishia -다: 갔다 alikwenda, 울었다 alilia, 시작했다 alianza. Mwandishi haongei na wewe, kwa hiyo hakuamkii. Gazeti hivyo hivyo. Mtu miaka miwili kafundishwa maamkizi, halafu anaingizwa kwenye nyumba ambayo watu hawaamkiani, lazima ababaike.

Na maneno ya kunukuu. Kwenye tamthilia umezoea 온대, "eti anakuja". Kitabuni inakuja ndefu, 온다고 했다. Kitu kile kile, lakini jicho halijawahi kukiona.

#4 Dodoma Kavu
Mgeni #3 napingana na wewe kidogo. Kujua neno peke yake na kulijua likiwa kwenye mbio ni vitu viwili.

Kuna utafiti wa mwaka 2000 wa Hu na Paul Nation, ulipima msomaji anahitaji kujua sehemu gani ya maneno ili asome hadithi na kuielewa bila msaada. Ikaja karibu asilimia 98. Yaani katika maneno mia, usiyoyajua yasizidi mawili. Sasa mleta mada kurasa mbili katafuta maneno arobaini. Tuseme kurasa hizo zina maneno 300. Huyo yuko asilimia 87. Hapo husomi, unachimba kisima.

Dawa: maneno ishirini kila siku kwenye kadi za Anki (programu ya kukariria), miezi sita, ndipo ushike kitabu.

#5 Kipanga Mweusi
Kabla hatujafika Korea. Mleta mada, kitabu cha Kiswahili mara ya mwisho umemaliza lini? Nasubiri.

#6 Kijana wa Kisosora
Hahaha Kipanga, hapo umenishika. Kidato cha nne, na ni kwa kuwa kilikuwa kwenye mtihani.

#7 Kipanga Mweusi
Nilijua. Macho hayana mazoezi hata ya kwetu, unataka yakimbie ya watu.

#8 Mwalimu Mstaafu
Vijana, Kikorea sijui hata herufi moja. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na mjukuu wangu ndiye aliyenitumia uzi huu. Hiyo sentensi ya #1, mtu anipe neno kwa neno, kwa mpangilio ule ule, bila kuipamba.

#9 Kijana wa Kisosora
Shikamoo Mwalimu. Inakwenda hivi:

jana / sokoni / kutana / bibi / toa / chenza / kula / mdogo (haijulikani wa kike au wa kiume) / ghafla / kulia / anza.

#10 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Sasa nimeona, na nadhani wote mliotangulia mmeipita shida.

Iandike kwa Kiswahili: "Mdogo wangu aliyekuwa akila chenza alilopewa na bibi tuliyekutana naye jana sokoni, ghafla akaanza kulia." Sasa soma ile ya Kikorea kuanzia kwenye "mdogo" ukirudi nyuma: mdogo, kula, chenza, toa, bibi, kutana, sokoni, jana. Ni Kiswahili kile kile kimegeuzwa. Sisi jina linatangulia, o-rejeshi inalifuata, kwa hiyo msomaji anajua tangu neno la kwanza kuwa habari ni ya mdogo. Wao wanakubebesha soko, bibi na chenza, mwenye habari anatajwa mwisho.

La pili ni kubwa zaidi. Kitenzi chetu kinamtaja mtendaji mlangoni: ni-li, a-li, tu-li. Huwezi kusema "kutana" ukaishia hapo. Mimi hapo juu nimeandika "tuliyekutana", lakini nimebahatisha. Ni nani aliyekutana na bibi sokoni? Katika maneno aliyonipa kijana sioni.

#11 Wa Nyali
Mwalimu, umenifumbua macho. Nimesoma Kikorea miaka minne Nairobi na hakuna aliyewahi kunieleza hivo.

Aliyekutana na bibi ni huyo mdogo. Si ndiye ala machenza?

#12 Mgeni wa Ansan
Hapana, ni msimulizi. Kama ni mdogo ndiye aliyekutana naye, msimulizi angejuaje habari za sokoni?

#13 Wa Nyali
Si aliambiwa na mdogo wake! Wewe kwenu watu hawasimuliani?

#14 Bint Mazizini
Jamani mie nipo Daejeon, nasoma shahada ya pili. Nilikuja kwa GKS, ule ufadhili wa serikali ya Korea; mwaka wa kwanza lugha tu, na bila ya daraja la 3 la TOPIK huingii kwenye masomo yenyewe. Kwa hiyo hii hatua ya kati nimeivuka nikiwa nafukuzwa.

Kuhusu sentensi: haisemi nani kakutana na bibi, na Mkorea hata haimkeri. Ila kuna taa ndogo ambayo mleta mada hajaambiwa. Ukimtaja mtu wa kuheshimiwa, kitenzi chake kinatiwa -시-. Ingekuwa bibi yako mwenyewe, ungeona 할머니가 주신 귤, si 준. Kwa hiyo ukikutana na kitenzi hakina mwenyewe lakini kina -시-, tafuta mkubwa aliye karibu, ndiye. Mie hiyo -시- ilinisaidia kuliko kamusi. Mama mkwe, bosi, mwalimu, wote nilikuwa nawajua kwa -시-.

#15 Mgeni wa Ansan
Bint #14 sawa, lakini hata bibi wa sokoni mimi ningeandika 주신. Ni mtu mzima.

#16 Bint Mazizini
Ukisema kwa mdomo, ndio. Msimulizi wa hadithi anaweza akaacha, kama ulivyosema wewe mwenyewe #3, hamwamkii mtu. Umejijibu.

#17 Mgeni wa Ansan
Nimenyamaza.

#18 Fundi Saa
Mnamtesa kijana kwa sarufi. Anayetaka kwenda Korea kufanya kazi kiwandani afanye EPS-TOPIK, mtihani mwepesi, hakuna hadithi za machenza. Na kwenye TOPIK II daraja la 3 ni alama 120 za kusoma.

#19 Bint Mazizini
Fundi, tuwekane sawa, watu wasije wakatumia pesa zao bure.

Moja: EPS ni mpango wa vibali vya kazi kati ya Korea na nchi maalumu zilizosaini nao, na ni nchi za Asia. Tanzania haimo, Kenya haimo. Anayekuuzia fomu ya EPS hapo mjini anakuibia.

Mbili: TOPIK II jumla yake ni alama 300: kusikiliza 100, kuandika 100, kusoma 100. Hizo 120 ni za jumla yote. Daraja la 4 ni 150, la 5 ni 190, la 6 ni 230. Kusoma peke yake huwezi kupata 120, haipo.

Tatu, hili ni la mleta mada: maswali yanapanda ugumu. Mtihani ule ule unawapima wa daraja la 3 mpaka la 6. Mwanzo kuna matangazo, michoro ya takwimu, vipande vifupi. Huko mwisho ndiko kwenye makala nzito. Wewe wa daraja la 3 kimbilia nusu ya kwanza uifanye vizuri. Huko kwenye arobaini na kitu waachie wenyewe. Na cheti kinadumu miaka miwili tu, usikichukue mapema kikakuozea kabatini.

#20 Fundi Saa
Nimesahihishwa. Kuna mtu kweli ana hizo fomu Kariakoo, nilitaka kumpeleka shemeji.

#21 Chapati Mbili
Uzi umeokoa shemeji wa mtu.

#22 Kijana wa Kisosora
Bint asante sana, hiyo ya nusu ya kwanza imenipa pumzi. Lakini bado swali liko pale pale, nisome nini? Kuna aliyenishauri vitabu vya watoto, nikajaribu, nikaona aibu. Kitabu cha mtoto wa miaka mitano kimenishinda kuliko kile cha hadithi fupi.

#23 Mama Zawadi
Usione aibu hata kidogo. Nilikuwa nalea watoto kwenye familia ya Kikorea hapa Dar, jioni nasomewa na mtoto vitabu vyake, ndivyo nilivyojifunza. Vitabu vya watoto vimejaa yale maneno ya sauti. Mtoto halali tu, analala 쿨쿨. Paka hatembei, anakwenda 살금살금. Nyota 반짝반짝. Mtoto wa Kikorea kanyonya nayo hayo, wewe unakutana nayo ukubwani.

#24 Mwalimu Mstaafu
Hizo ni tanakali. Mama Zawadi, 쿨쿨 ni fofofo yetu, sivyo? Na hiyo ya paka ni nyatanyata. Mfikirie mgeni anayejifunza Kiswahili akutane na "nyeupe pe", "nyeusi tii", "kimya ji", halafu akafungue kamusi kutafuta "pe".

#25 Mama Zawadi
Ndio Mwalimu, fofofo kabisa. Yule mtoto nilimfundisha fofofo, akawa anaisema mbele ya babu yake. Babu akaniuliza 쿨쿨 imewakosea nini.

#26 Dodoma Kavu
Narudi kwenye maneno maana ndio kambi yangu. Zaidi ya nusu ya maneno ya kamusi ya Kikorea yana asili ya Kichina, na yale hayaji moja moja, yanakuja kwa ukoo. Waliosoma madrasa wananielewa: ukishajua kitabu, katibu, maktaba na mkataba vina damu moja, huhitaji kufundishwa kila kimoja.

Sasa chukua 학, kusoma. 학교 shule, 학생 mwanafunzi, 방학 likizo ya shule, 유학 kwenda kusoma ng'ambo, 입학 kuingia shule. Hapo umepata 입, kuingia: 입구 mlango wa kuingilia. Halafu 병원 hospitali, 학원 tuisheni, unaona 원 ni mahali, taasisi. Siku nimekutana na 입원 mara ya kwanza, kwenye habari ya mchezaji aliyeumia, sikufungua kamusi. Kuingia, taasisi: kalazwa. Niliruka kwenye kiti, mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Kwa hiyo nafuta ushauri wangu wa #4 wa maneno ishirini yoyote tu. Chukua ishirini ya ukoo mmoja.

#27 Wa Nyali
Ukoo wako mzuri mpaka siku utakapokutana na majina yanayofanana lakini damu zao mbalimbali. 수 ya 수영, kuogelea, ni maji. 수 ya 수건, taulo, ni mkono. 수 ya 수학, hisabati, ni idadi. Na ukimwona ndege 학 usiseme ni ndege msomi, ni korongo tu.

#28 Dodoma Kavu
Hahaha ndege msomi. Nimekubali, lakini hata Kiswahili kina "kaa" wa pwani na "kaa" la moto na hatujafa.

#29 Bint Mazizini
Hapo kwenye kufanana kwa majina, mie nina kisa. Mwezi wangu wa pili Korea, mwenzangu wa chumba tuligombana kwa ajili ya friji. Asubuhi nikakuta kikaratasi mezani: 사과 받아 줘. Nikajua 사과 ni tufaha. "Pokea tufaha." Nikafungua friji, hakuna. Nikaangalia mlangoni, hakuna. Jioni karudi, nikamuuliza kwa Kikorea changu kibovu: tufaha liko wapi? Akaniangalia, akacheka mpaka kakaa chini. 사과 pia ni radhi. Alikuwa akiniomba radhi. Kesho yake akaninunulia mfuko mzima wa matufaha, tukawa marafiki mpaka leo.

#30 Kipanga Mweusi
Tufaha ndio nini? Huku Mbeya tunasema epo.

#31 Bint Mazizini
Na kwetu Unguja tufaa ni tunda jengine kabisa, lile jekundu lenye maji maji, mti wake ukidondosha maua chini panakuwa pinki tupu. Niliandika tufaha ili nyinyi wa bara mnielewe, kumbe ndio hamjui.

#32 Kipanga Mweusi
Kwa hiyo hapa tuna tufaha mbili na radhi moja. Kikorea kina unafuu.

#33 Salama Huku
Mimi ni wa kambi ya masikio na sioni aliyetutetea. Kusoma kabla sikio halijakomaa kunakujengea matamshi ya uongo. Kiswahili tunasoma kama kilivyoandikwa, kwa hiyo macho yetu yanaamini herufi. Kikorea hakiko hivyo. 꽃, ua, ikiwa peke yake inaishia t. Weka 이 mbele inakuwa "kochi". Weka 만, inakuwa "konman". Herufi hazijabadilika hata moja. Mtu aliyejifunza kwa macho hatambui hayo mtu akiongea.

#34 Mgeni wa Ansan
Salama, bila kujua umeeleza sababu ya kusoma. Sikio linapata "kot", "kochi", "konman", linadhani ni vitu vitatu. Jicho linaona 꽃 moja. Wanaandika mzizi, hawaandiki sauti. Mimi miaka miwili nilisikia "kwenchana", nikadhani ni neno moja tu la kusema hamna shida. Siku nimeliona limeandikwa 괜찮아, na ile 찮 yenye n na h chini, ndipo nikaitambua kwenye 귀찮아, na 점잖다 nalo lina mkia huo. Sikio lisingenipa hilo.

#35 Salama Huku
Ila hukulijua mpaka ulipokuwa umelisikia miaka miwili. Ni sikio lililotangulia.

#36 Chapati Mbili
Hawa wawili wanasema kitu kimoja au macho yangu?

#37 Wa Nyali
Turudi kwa kijana, aliuliza asome nini. Mimi nilianza na katuni za Naver, tovuti ya Kikorea, za kwenye simu, zimekuwepo tangu 2004 na kuna nyingi za bure. Picha zakwambia nani asema, kwa hivo ile shida ya Mwalimu ya mtendaji kujificha haipo. Chagua moja ndefu ya mambo ya nyumbani au shule, usiruke ruke. Mwandishi mmoja hurudia maneno yake. Sehemu ya kumi ilinichukua robo ya muda wa sehemu ya kwanza.

Magazeti ngoja kwanza. Vichwa vya habari vina herufi za Kichina, 美 ni Marekani, 北 ni Kaskazini, na vimekatwa katwa kama simu ya zamani ya posta.

#38 Dodoma Kavu
Hayo ya kubaki na mwandishi mmoja ndiyo Stephen Krashen, mtaalamu wa kujifunza lugha, anaita kusoma kwa wembamba. Ila katuni ni mazungumzo matupu, ndugu yangu. Kwenye mtihani anakutana na -다 za Mgeni.

#39 Mama Zawadi
Mimi nasema asome ngano. Mwanzo wake wenyewe unakupa sarufi: 옛날 옛적에, hapo zamani za kale, 호랑이 담배 피우던 시절에, enzi zile simba marara, sijui niseme chui, wakivuta tumbaku. Hiyo 피우던 ni ile ile ya 먹던 kwenye sentensi ya machenza. Kitu kilichokuwa kikiendelea zamani. Ukianza ngano kumi, umeisoma -던 mara kumi bila daftari.

Na kuna moja mtaishangaa. Mfalme wa baharini anaumwa, dawa yake ni ini la sungura. Kobe anatumwa nchi kavu kumdanganya sungura, anamleta mgongoni. Sungura akifika kule anasema, mngeniambia mapema, ini nimeliacha nyumbani.

#40 Kipanga Mweusi
Hiyo si sungura na kobe walioshindana mbio?

#41 Mwalimu Mstaafu
Sio hiyo, Kipanga. Hiki ni kisa cha kima na papa! Papa anambeba kima mgongoni, sultani wao ni mgonjwa, dawa ni moyo wa kima. Kima anasema sisi mioyo yetu huiacha mitini. Sisi tulikisoma kwa Kiswahili, Edward Steere alikichapisha katika ngano za Unguja mwaka 1870. Kimefikaje Korea?

#42 Bint Mazizini
Asili yake India, Mwalimu. Upande mmoja kimekwenda na majahazi, upande mwengine kimekwenda na dini ya Budha. Korea ni cha zamani mno, kimo katika Samguk Sagi, kitabu cha historia ya falme zao tatu kilichoandikwa 1145: Kim Chunchu wa ufalme wa Silla kafungwa katika ufalme wa Goguryeo, akasimuliwa kisa hiki, akaelewa mbinu, akadanganya akatoka. Nyanya yangu alinisimulia cha kima. Nilipokisoma cha sungura darasani nililia kidogo, nilikuwa nimemkumbuka.

#43 Kijana wa Kisosora
Aisee. Hicho nakijua tangu mdogo. Naanza leo.

#44 Dodoma Kavu
Ukikijua kisa tayari, utakuwa unakumbuka, husomi.

#45 Mama Zawadi
Mwache aanze.

#46 Kipanga Mweusi
Na kama unaona aibu ya vitabu vya watoto, kuna sentensi wanafundishwa Wakorea wenyewe kuhusu kuacha nafasi: 아버지가방에들어가신다. Ukigawa vizuri, baba anaingia chumbani. Ukikosea nafasi, baba anaingia begini. Nimeitoa kwa jirani yangu aliyesoma huko, mimi Kikorea sijui, nimekuja kuwatania tu.

#47 Bint Mazizini
Na -시- ipo, umeiona? Hata akiingia begini, baba anaheshimiwa.

#48 Kijana wa Kisosora
Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita.

Kile cha sungura nimekisoma, kitabu cha watoto wa shule ya msingi, kurasa 32. Mara ya kwanza siku sita. Mara ya pili jioni mbili. Mara ya tatu barazani, kikao kimoja, kamusi nimefungua mara tatu tu. Nilifanya alivyosema Mwalimu, kwenye sentensi ndefu natafuta jina la mwisho kabla ya kitenzi kikuu halafu narudi nyuma. Baadaye nikaona sirudi tena, nasubiri tu. Sijui lini niliacha.

Nikarudi kwenye kile cha hadithi fupi kwa furaha zote. Nimefika ukurasa wa nne nikakwama tena. Angalau safari hii najua nani analia.

#49 Dodoma Kavu
Maneno. Nilisema.

#50 Salama Huku
Ulikisoma kwa sauti au kimya?

#51 Kijana wa Kisosora
Kwa sauti ile mara ya tatu. Mama aliuliza nasoma dua gani.

#52 Salama Huku
Basi ni sikio. Asante.

#53 Mwalimu Mstaafu
Kijana, usirudi nyuma katika kusoma, nilikosea kukuambia hivyo. Nilikuwa naeleza muundo, sio namna ya kusoma. Huko kusubiri ulikogundua mwenyewe ndiko kwenyewe, nadhani. Anayesikiliza Kikorea hawezi kurudi nyuma.

#54 Mgeni wa Ansan
Jamani ile sentensi ya machenza ilininyima raha, leo nikaipeleka kazini. Mapumziko ya saa nne nimewaonyesha Wakorea wawili, nani kakutana na bibi sokoni? Mmoja kasema "msimulizi" hata hajamaliza kusoma. Wa pili kasema "mdogo mtu". Wakatazamana. Hawakuwahi kufikiria kama kuna swali. Wakaanza kubishana wao kwa wao, mimi nikanywa kahawa yangu.

#55 Wa Nyali
Huyo wa pili nipe namba yake, ana akili.

#56 Mpita Njia
Wakuu habari, sijasoma comments zote. Fomu za EPS kwa Watanzania mwaka huu zinatoka lini? Kuna jamaa Kariakoo anasema anazo.

#57 Chapati Mbili
Mkuu soma uzi. #19.